Machunjua ya ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chunjua halimlazi mtu kitandani, ndiyo maana wengi huishi nalo kimya kimya. Huanza kulishughulikia siku linapouma ndani ya kiatu, au mtu anapolikodolea macho wakati wa kupeana mkono. Hapo ndipo wembe unapotafutwa, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Majibu haya ni kwa ajili yako wewe ambaye bado hujaushika wembe huo.

Chunjua na chunusi si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa majina yanakaribiana. Chunusi huanzia kwenye tundu la unywele na tezi ya mafuta; huiva, hutumbuka, huondoka. Chunjua halina usaha. Ni ngozi yenyewe iliyoota kupita kiasi kwa sababu imeingiliwa na virusi vya papiloma, kwa kifupi HPV. Virusi hivi ni ukoo mkubwa, zaidi ya aina 200, na kila tawi la ukoo lina mahali linapopenda kukaa: wengine vidoleni, wengine nyayoni, wengine usoni, wengine sehemu za siri.

Virusi hupenya kwenye mkwaruzo mdogo, mara nyingi mdogo kiasi kwamba hukuuona. Hufika kwenye tabaka la chini la ngozi ya juu, na seli za hapo huanza kugawanyika kwa kasi na kutengeneza keratini nyingi, ile ile inayofanya kucha ziwe ngumu. Kinachotokeza nje ndicho unachokiita chunjua. Wengine huliita dutu, na wengine husema sugu, ingawa sugu hasa ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa na haina virusi ndani yake.

Ujuzi huu una zaidi ya miaka mia. Mwaka 1907 daktari wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akapitisha maji yake kwenye kichujio ambacho bakteria hawapenyi, kisha akajidunga mwenyewe. Chunjua likaota.

Vile vidoa vyeusi katikati ni mizizi?

Hapana. Hili ni swali muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu imani ya mizizi ndiyo inayowafanya watu wachimbe. Husema: nikiung'oa mzizi, halitarudi. Wakachimba mpaka damu, wakapata kidonda, na baada ya wiki kadhaa chunjua likarudi pembezoni mwa kovu.

Chunjua halina mzizi. Linakaa katika ngozi ya juu tu, na sehemu yake ya chini huwa laini, haijajishikiza popote ndani ya nyama wala mfupa. Vidoa vyeusi ni vimishipa vidogo vya damu vilivyopanda juu kulilisha chunjua, kisha damu ikaganda ndani yake. Ukilikwangua kidogo utaona vitone vya damu vinachomoza kama ncha za sindano. Linarudi kwa sababu virusi vimebaki kwenye ngozi ya jirani inayoonekana nzima, basi.

Nimelipata wapi?

Huenda usijue kamwe. Kati ya siku virusi vilipoingia na siku uvimbe ulipojitokeza hupita wiki kadhaa hadi miezi, mara nyingi miezi miwili hadi sita, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo yule uliyempa mkono juzi hana hatia.

Njia zenyewe ni mbili: kugusana ngozi kwa ngozi, au kupitia kitu kilichoguswa na mwenye chunjua, kama taulo, sakafu ya bafu la pamoja, wembe, au jiwe la kusugulia miguu. Ngozi iliyolowa na kulainika, au iliyochanika, hupitisha virusi kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu na nzima. Ndiyo maana machunjua ya nyayo huhusishwa na mabwawa ya kuogelea na vyumba vya kubadilishia nguo, na yale ya mikono huwapata sana wachinjaji na wauza nyama, ambao mikono yao hushinda majimaji na imejaa mikato midogo.

Unaweza pia kujiambukiza mwenyewe, kutoka kidole hadi kidole. Anayetafuna kucha hupata machunjua kuzunguka kucha, kisha midomoni. Anayenyoa ndevu juu ya chunjua moja bapa huamka baada ya miezi na mstari mzima, umefuata njia ya wembe kama mbegu zilizopandwa.

Na chura je, si yeye anayeleta machunjua?

Hahusiki. Mabonge ya mgongoni mwake ni tezi zake, hayana HPV. Virusi vya papiloma vinavyotupata sisi ni vya binadamu.

Mbona tunaishi nyumba moja na mimi tu ndiye ninayo?

Kinga za mwili hutofautiana. Kuna mwili unaovitambua virusi mapema na kuvimaliza kabla havijaota, na kuna mwili unaochukua miaka kuvishtukia, maana HPV hujificha vizuri: haviingii kwenye damu na havileti homa wala wekundu na maumivu ya kuiamsha kinga. Watoto wa umri wa shule na vijana ndio wanaoongoza kwa machunjua. Wazee huyapata kwa nadra zaidi.

Nitatofautishaje chunjua la unyayo na sugu?

Mwili unapokanyaga, chunjua la unyayo haliwezi kuota kwenda juu; hukandamizwa likaingia ndani, likafunikwa na ngozi ngumu. Basi hufanana na sugu kabisa. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni mistari ya ngozi, ile kama ya alama za vidole. Kwenye sugu, mistari inapita juu yake bila kukatika. Kwenye chunjua, mistari inafika ukingoni na kukwepa, kama njia inayozunguka jiwe. La pili ni maumivu: sugu huuma ukiibonyeza kutoka juu, ilhali chunjua mara nyingi huuma zaidi ukilibana kutoka pande mbili kwa vidole. La tatu ni vile vidoa vyeusi, ambavyo sugu haina. Huenda usivione mpaka ngozi ngumu ya juu isuguliwe kwanza.

Kuna vingine vinavyodanganya. Funza aliyejichimbia unyayoni ana kitone cheusi kimoja katikati, huwasha, na hujitokeza ndani ya siku, si miezi. Vipele laini vya duara vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati, ambavyo watoto hupata kifuani na kwapani, huwa ni moluskamu, ugonjwa wa virusi vingine. Madoa madogo meusi yaliyoinuka mashavuni kwa watu wazima wenye ngozi nyeusi, ambayo mara nyingi hurithiwa katika familia, si machunjua wala hayaambukizi. Vinyama laini vinavyoning'inia shingoni navyo si machunjua.

Ni lazima nilitibu?

Si lazima, na naona jibu hili halisemwi vya kutosha. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya machunjua huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili, bila dawa na bila kovu. Kwa watu wazima huchukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine miaka mingi. Kama haliumi, haliongezeki na halikuaibishi, kuliacha ni uamuzi wa busara, si uzembe.

Litibu kama linauma, kama linaenea, kama liko mahali linapochanika kila mara, au kama tu umechoka kulitazama. Hiyo nayo ni sababu tosha. Pia usisubiri kama una kinga dhaifu ya mwili.

Ila fahamu jambo moja kabla hujaanza: hakuna dawa inayoua HPV yenyewe. Dawa zote huharibu ngozi iliyoambukizwa, au huichokoza kinga ya mwili ije kumaliza kazi. Kwa hiyo zote huchukua muda na zote hushindwa kwa baadhi ya watu.

Nianze na dawa gani?

Asidi ya salisili. Ndiyo dawa ya nyumbani iliyofanyiwa utafiti zaidi, na hupatikana bila kuandikiwa na daktari. Ya majimaji au ya jeli huwa na nguvu ya takribani asilimia 17. Plasta za nyayo hufika asilimia 40. Kazi yake ni kulegeza keratini ili chunjua limenyeke tabaka kwa tabaka.

Wengi husema waliitumia ikashindwa. Ukiwauliza waliitumiaje, utasikia walipaka juu ya ngozi ngumu kavu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili. Hiyo ni sawa na kumwaga maji juu ya kigae ukitarajia udongo wa chini ulowe.

Fanya hivi kila usiku. Lowesha sehemu hiyo katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi mpaka ngozi iwe nyeupe na laini. Kausha. Sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha au jiwe la miguu, taratibu, bila kufika kwenye damu. Paka mafuta ya mgando kuzunguka chunjua ili asidi isiunguze ngozi nzima. Kisha weka dawa juu ya chunjua peke yake, iache ikauke, ufunike kwa plasta. Kesho yake ondoa tabaka la jana, rudia. Tupa hiyo ni ya chunjua tu. Usiitumie kwenye kucha zako wala usimwazime mtu, na likiisha uitupe.

Endelea hadi wiki 12. Ndiyo, kumi na mbili. Pakiuma au pakiwa pekundu, pumzika siku mbili tatu kisha endelea. Wengi huacha wiki ya nne, wakati ambapo kwa nje hakuna kinachoonekana.

Usiitumie usoni, sehemu za siri, juu ya doa jeusi la kuzaliwa nalo, wala kwenye ngozi iliyochanika. Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, au mwenye shida ya mzunguko wa damu asiiguse kabla ya kuongea na daktari: anaweza kuungua bila kuhisi, na kidonda cha mguu kwa mtu wa namna hiyo ni balaa kubwa kuliko chunjua lolote. Mjamzito naye aulize kwanza.

Kugandisha kwa baridi hufanyaje kazi, na kunaacha alama?

Daktari au muuguzi hugusa chunjua kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde kadhaa. Seli huganda na kufa. Panauma kama kuungua, na siku ya pili hutokea lengelenge, pengine lenye damu ndani. Usilitumbue. Baada ya wiki moja au mbili gamba huanguka. Hurudiwa kila wiki mbili hadi nne, na mara chache hutosha mara moja.

Kuhusu alama, jibu ni ndiyo, na mwenye ngozi nyeusi anastahili kuambiwa kabla, si baada. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huumizwa na baridi kirahisi kuliko seli nyingine. Unaweza kubaki na doa jeupe ukubwa wa kifungo, kwa miezi au daima, au kinyume chake doa jeusi zaidi. Kwenye unyayo hakuna atakayejali. Kwenye shavu au mgongo wa kiganja, huenda doa likakusumbua kuliko chunjua lilivyokusumbua. Kama ngozi yako huota makovu makubwa yanayovimba baada ya jeraha dogo, mwambie daktari kabla hajafungua chombo.

Vifaa vya kugandishia vinavyouzwa madukani havifikii baridi hiyo. Si mbadala kamili wa ile ya hospitali.

Na vikishindwa vyote viwili?

Daktari wa ngozi ana silaha nyingine. Anaweza kupaka kantharidini, dawa ya kuleta malengelenge ambayo asili yake ni mdudu wa jamii ya mbawakawa. Watoto huivumilia kwa sababu haiumi wakati wa kupakwa. Anaweza kuandika krimu ya imikwimodi inayoiamsha kinga, au fluorourasili inayozuia seli kugawanyika. Anaweza kukwangua au kuchoma kwa umeme baada ya sindano ya ganzi, ingawa hapo kovu ni jambo la kutarajia, na kwenye unyayo kovu linaweza kuuma kila hatua. Kuna leza. Kuna pia kudunga ndani ya chunjua protini za fangasi ambao mwili tayari unawafahamu. Kinga ikija kupambana na fangasi, inavikuta virusi. Wakati mwingine hata machunjua ya mbali ambayo hayakudungwa huondoka. Mimi naiona njia hii kuwa ya kuvutia kuliko zote, kwa sababu inaacha mwili ufanye kazi ambayo ungeifanya mapema kama ungelishtuka.

Nimesikia kuhusu kulifunika kwa plasta nene ya kubandikia mabomba. Ni kweli?

Mwaka 2002 utafiti mmoja kwa watoto na vijana ulionyesha matokeo mazuri. Tafiti zilizofuata, moja ya watoto na nyingine ya watu wazima, hazikuona tofauti ya maana ikilinganishwa na kufunika kwa kitu kingine. Haidhuru sana zaidi ya kuchubua ngozi. Ukitaka kujaribu wakati unasubiri, jaribu.

Uzi, wembe, kitunguu saumu, maji ya betri?

Kufunga chunjua kwa uzi au unywele kunaweza kuangusha kile kinachoning'inia na kuacha virusi pale pale, pamoja na mlango wazi wa bakteria. Wembe hueneza virusi, na wembe ulioazimwa unaweza kubeba hata homa ya ini na VVU. Kitunguu saumu kibichi na siki huunguza ngozi, na kuungua huko ndiko watu hudhani ni kupona. Maji ya betri ni asidi kali ya kutoboa nyama; yanaacha shimo. Usijaribu hata kwa mzaha.

Sababu ya dawa hizi kuendelea kusifiwa ni rahisi. Chunjua huondoka lenyewe siku moja, na lolote ulilokuwa ukipaka wiki hiyo hupewa sifa.

Mwanangu ana machunjua mikononi. Nimzuie kwenda shule au kuogelea?

Hapana. Yafunike kwa plasta isiyopitisha maji, mvalishe kandambili bafuni na kwenye bwawa, mpe taulo lake. Mfundishe asiyachune wala asitafune kucha. Kwa mtoto mdogo usikimbilie tiba inayouma. Nusu ya kazi ya mzazi hapa ni kuwatuliza shangazi na majirani wanaosema mtoto ametelekezwa.

Yakiwa sehemu za siri?

Hayo, ambayo wengi huyaita masundosundo, ni habari nyingine. Huletwa zaidi na HPV aina ya 6 na 11, na huenezwa kwa kujamiiana. Usipake kamwe dawa ya machunjua ya mikono. Ngozi ya huko ni laini mno na itaungua. Kuna dawa zake, na kuna kugandisha, lakini anza kwa kupimwa. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa virusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Mwenza naye aende.

Aina 6 na 11 si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hizo hasa ni 16 na 18. Lakini mtu anaweza kubeba zaidi ya aina moja, kwa hiyo mwanamke aendelee na uchunguzi wake wa mlango wa kizazi kama kawaida. Chanjo ya kwanza ya HPV iliidhinishwa mwaka 2006 na ilikinga aina zote nne hizi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wasichana wachanjwe wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 14, kabla ya kuanza kujamiiana. Haikulenga machunjua ya vidole na nyayo.

Mtoto akionekana na machunjua sehemu za siri, mpeleke kwa daktari. Yanaweza kuwa yametoka mikononi mwake mwenyewe, kwa mlezi anayemwogesha, au kwa mama wakati wa kuzaliwa. Yanaweza pia kuwa dalili kwamba mtoto amedhulumiwa. Asiyefaa kuamua ni lipi kati ya hayo ni jirani.

Chunjua la kawaida linaweza kugeuka saratani?

La mkononi au la unyayoni kwa mtu mwenye kinga nzuri, kwa kawaida haligeuki. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: saratani kudhaniwa ni chunjua. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali ambapo wengi wangesema ni jeraha la mpira. Kwa watu weusi, melanoma ikitokea hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha.

Nenda hospitali kama kilichoota kinabadilika rangi au umbo, kinatoka damu chenyewe, ni kidonda kisichopona, kimeota chini ya ukucha, au kimeanza ukiwa mtu mzima na hakishuki kwa tiba yoyote. Daktari anaweza kukata kipande na kukipima.

Yamenitokea mengi kwa ghafla. Kuna tatizo?

Huenda lisiwepo. Lakini machunjua mengi, makubwa, yasiyosikia dawa, ni sababu nzuri ya kupima VVU kama hujui hali yako, na kumweleza daktari dawa unazotumia. Waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kupunguza kinga huyapata kwa wingi. Kinga ikirejea, mara nyingi nayo hupungua.

Nitajuaje kwamba limekwisha kweli?

Usiangalie ukubwa, angalia mistari. Sehemu inaweza kuwa bapa kabisa na bado virusi vipo. Osha, kausha, simama karibu na dirisha na utazame ngozi kwa pembeni. Kama mistari ya kidole au unyayo imerudi na inapita pale moja kwa moja bila kukwepa kitu, na hakuna kidoa cheusi hata kimoja, acha dawa. Kama mistari bado inazunguka, rudi kwenye maji ya vuguvugu usiku huu.